Taulo la Mwenyekiti

Taulo lilitundikwa Jumatatu asubuhi, wiki ya tatu tangu redio ianze kusoma idadi ya wagonjwa kabla ya utabiri wa hali ya hewa. Lilikuwa jeupe, jipya, nene kama blanketi la mtoto mchanga, na lebo ya dukani ilikuwa bado inaning'inia pembeni kama hereni. Mwenyekiti wa wapangaji alipigilia msumari wake mwenyewe, kando ya geti. Chini ya taulo aliweka benchi, juu ya benchi beseni la bluu lililojaa maji, na kando ya beseni kipande cha sabuni kwenye kisahani. Kisha akabandika tangazo, kwa mwandiko wa mtu aliyefanya kazi posta miaka thelathini na minne: KILA AINGIAYE ANAWE MIKONO NA KUJIFUTA. HAKUNA UDHURU.

Watu walimsifu. Hofu ilikuwa imeingia uani kabla ya ugonjwa, na hofu ni kama mgeni mkorofi: haitulii mpaka ione kuna kitu kinafanywa kwa ajili yake. Vyumba kumi na viwili vilizunguka ua wa saruji wenye bomba moja, na ndani yake waliishi watu thelathini na wanne. Kila aliyerudi nyumbani sasa alichovya mikono kwenye beseni, akasugua, akajifuta kwa madaha. Mwenyekiti, kwenye kiti chake cha plastiki, alitikisa kichwa kuafiki, kama mwalimu anayesahihisha madaftari na kukuta hesabu zote zimepatiwa.

Mama Shuka alirudi saa kumi jioni. Jina hilo alipewa na kazi yake: kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifua mashuka ya hospitali kuu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na mmoja, mwenye mikono iliyofifishwa na klorini ikawa kama imepakwa chaki. Alilitazama beseni. Maji yalishakuwa ya kijivu na povu limeganda ukingoni. Alilitazama taulo. Akapita, akaenda moja kwa moja bombani.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema akiwa anapita.

Mwenyekiti hakuitikia. "Beseni hulioni?"

"Nimeliona."

"Sasa mbona unalipita kama kituo kisicho chako?"

"Nanawa kwenye maji yanayotiririka. Na hilo taulo, Mwenyekiti, kwa heshima zote, lishushe. Watu thelathini na wanne wakijifutia taulo moja ni sawa na kupigana busu kwa zamu."

Dereva, jirani mwenye lori lililokuwa limeegeshwa tangu barabara za nje ya mji zifungwe, aliangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka.

"Taulo ni jipya. Nimelitoa dukani asubuhi ya leo."

"Asubuhi lilikuwa jipya."

"Yaani wewe," Mwenyekiti alisema, na sauti yake ikapanda ili ifike kwenye milango yote, "wewe unayeshinda na mashuka ya wagonjwa, ndiye wa kutufundisha usafi sisi?"

Mama Shuka alifungua bomba, akasugua mikono huku akihesabu hadi ishirini, akaikung'uta, akaiacha ikauke kwa upepo. Alisikia mlango ukifungwa, halafu mwingine. Wa tatu ulikuwa wa Fundi, mama mshonaji nguo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta kwa miaka saba. Huo ulifungwa polepole, kama mlango wa mtu anayeona haya.

Kosa la watu wa ua ule halikuwa ujinga. Walikuwa wanayaamini macho yao, basi. Mama Shuka alilijua kosa hilo kwa sababu naye aliwahi kulifanya, siku yake ya kwanza kazini.

Katika chumba cha kufulia cha hospitali kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni, upana wa kiganja, uliopakwa rangi upya kila mwaka. Upande mmoja yaliwekwa magunia yaliyotoka wodini; upande wa pili mashuka yaliyopigwa pasi, yamekunjwa na kupangwa kumikumi. Mtu wa upande mchafu hakuuvuka mstari ule hata kama mama yake mzazi anamwita, mpaka avue aproni na mabuti na anawe hadi viwikoni. Dobi mkuu wa enzi hizo alikuwa na mtihani mmoja kwa kila mwajiriwa mpya. Alitandaza mashuka mawili mezani, moja jeupe pe, jingine lina doa kubwa la kahawia, akauliza: "Lipi chafu?" Mama Shuka alionyesha lenye doa, kama walivyoonyesha wote kabla yake.

"Hilo lina doa la dawa ya vidonda, na limetoka kwenye mashine sasa hivi," dobi mkuu alisema. "Hilo jeupe limetoka kitandani kwa mgonjwa wa kifua kikuu. Rangi haikwambii kitu, binti. Uliza kitu kimetoka wapi na kimeguswa na nani. Usipojua, kihesabu kichafu."

Mashine iliendeshwa kwa nyuzi sabini na moja za joto, dakika ishirini na tano, na dobi hakupunguza hata moja eti kwa sababu shuka linaonekana safi. Hakukuwa na jambo jingine la kujifunza pale. Lililobaki lilikuwa jasho.

Wiki ile walibaki madobi wanne kati ya saba. Mmoja mumewe alimkataza, mmoja kaka zake walikuja kumchukua, na wa tatu aliacha tu kupokea simu. Mashuka hayakupungua, yaliongezeka. Mgonjwa akikosa shuka hulala juu ya mpira wa godoro. Mpira haunyonyi jasho, ngozi huchubuka, na siku ya tatu pana kidonda ambacho hakikumleta hospitalini. Mambo hayo hayakuhitaji huruma ili yaeleweke. Yalihitaji mtu wa kufua.

Nyumbani, katika chumba kimoja, alikaa na mama mkwe wake, ajuza wa miaka sabini na minane mwenye pumu na miguu iliyovimba kiasi kwamba safari ya kwenda msalani ilipangwa kama safari ya mkoani. Mwana pekee wa bibi huyo, ambaye ndiye aliyekuwa mume wa Mama Shuka, alifariki miaka tisa iliyopita, na wanawake wawili wakabaki pamoja kama viatu visivyo vya jozi moja ambavyo hata hivyo vimezoeana miguu.

Siku redio ilipotangaza mgonjwa wa kwanza mjini, Mama Shuka alinunua utepe mwekundu wa mafundi umeme akaubandika sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa mlango ukawa wake: godoro jembamba, ndoo, na nguo za kazi ndani ya mfuko uliofungwa mdomo. Upande wa dirisha ukawa wa mama mkwe: kitanda, redio, na kikombe ambacho hakuna mwingine aliyekigusa mpini.

"Umenigawia nchi," bibi alisema akiukodolea macho utepe. "Viza ya kuja kwako naiombea wapi?"

"Huji, Mama. Chakula kitavuka, wewe huvuki."

"Na nikifa huku ng'ambo?"

"Nitavuka nikishanawa."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mama Shuka alihesabu vikohozi: vinne, vikavu, vile vile vya pumu ya miaka yote.

Kila siku, kabla ya kuingia ndani, alioga katika bafu la uani na kuzitia nguo zake kwenye ndoo ya maji yaliyochemka. Alijua hayo yote hayaondoi hatari. Yanaipunguza. Mtu aliyefanya kazi kando ya mstari mwekundu miaka ishirini na miwili hadai kwamba mstari ni ukuta.

Barua ilipitishwa chini ya mlango Jumatano. Ilikuwa ndani ya bahasha, imeandikwa anwani kamili, ingawa kutoka mlango wa Mwenyekiti hadi huo palikuwa na hatua tisa. "Kutokana na hali ya hatari inayolikabili taifa," iliandikwa, "na kwa kuzingatia aina ya kazi yako, unatakiwa kabla ya saa nne asubuhi ya Jumamosi ama uwasilishe uthibitisho wa kuacha kazi, ama uhame chumba pamoja na vyombo vyako vyote. Mwenye nyumba ameridhia."

Mama Shuka aliisoma kwa sauti. Bibi alisikiliza huku amefumba macho.

"Kaandika vizuri," alisema. "Posta haikumtupa. Ila posta ni posta, mwanangu, hupeleka hata upuuzi."

Jioni hiyo Mama Shuka alipiga simu tatu za kutafuta chumba. Mwenye nyumba wa kwanza aliuliza anafanya kazi gani, na mazungumzo yakaishia hapo. Wa pili alikuwa na chumba ghorofa ya tatu, jambo ambalo kwa miguu ya bibi lilikuwa sawa na mwezini. Wa tatu alikisikia kikohozi cha bibi kwa mbali na simu ikakatika. Kesho yake, kazini, muuguzi mkuu alimwambia anaweza kulala kwenye ukumbi wa wafanyakazi. "Lakini wewe tu. Mzee wa umri huo hapana. Hapa ndipo ugonjwa ulipo."

Basi hesabu ilikuwa fupi. Akiacha kazi, mashine zinabaki na watu watatu. Akihama, mama mkwe anaishia kwenye kibaraza cha mtu, na pumu yake. Mama Shuka aliyakataa yote mawili. Hakufanya hivyo kwa ushujaa. Aliyapitia majibu yote mawili, akaona yote yana makosa, na yule dobi mkuu hakumfundisha kuchagua kosa lililo dogo.

Alhamisi jioni dirisha la Fundi lilifunguka upana wa vidole vinne. Cherehani ilinyamaza.

"Dada," Fundi alinong'ona. "Acha tu kazi kwa muda. Mpaka upepo upite."

"Na mwanao akilazwa, shuka lake atalifua nani?"

"Usimwombee mwanangu mabaya!"

"Simwombei. Nauliza."

Cherehani ililia kidogo, ikanyamaza tena.

"Hivi wewe kweli huogopi?"

"Naogopa. Ndiyo maana nanawa."

Dirisha lilifungwa, lakini halikupigwa komeo.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Aliweka kigoda mlangoni, akaigeuza barua ya Mwenyekiti upande wa nyuma, na kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi akawa anapiga mistari kwa kalamu. Taulo lilishakuwa na rangi ya maziwa yaliyolala, na halikuwahi kukauka tangu Jumatatu. Watu ishirini na saba walijifutia mikono. Kumi na mmoja kati yao walijifutia na uso. Dereva alipiga chafya kwenye kiganja, akachovya, akajifuta mikono, kisha pua, akaondoka akipiga mluzi. Baada yake alikuja mtoto wa Fundi, mwenye miaka minne, asiyefika juu. Alilivuta lile pindo la chini akajifutia mdomo. Mwenyekiti alijifuta mara nne, na kila mara alilinyoosha taulo baada ya kulitumia, pembe kwa pembe.

Mara ya nne aliingia ndani kwake na kikombe cha maji ya mkewe. Mkewe alikuwa na kisukari na hakuwa ametoka nje kwa siku kumi. Kila mtu uani alijua kwamba Mwenyekiti humpima joto asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari.

"Umeona nini?" bibi aliuliza kutoka ng'ambo ya utepe.

Mama Shuka alimsomea hesabu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," bibi alisema. "Safari hii wamekitundika msumarini na kukibandikia tangazo."

Jumamosi saa nne kamili kikao kilikaa. Viti vilipangwa hatua mbili mbili, kama redio ilivyoagiza, na Mwenyekiti alivipima kwa kamba. Kila aliyefika alipitia kwanza getini, akanawa kwenye beseni, akajifuta kwa taulo, ndipo akaketi mbali na mwenzake. Mama Shuka alisimama mlangoni kwake. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi na bibi alikuwa ameegemezwa mito kitandani, kama anayesubiri mchezo uanze.

"Umeleta uthibitisho?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nimeleta hesabu." Akaisoma: saa, idadi ya watu, mikono, nyuso. Hakutaja jina la mtu, lakini alipofika kwenye chafya Dereva aliangalia viatu vyake. "Mimi nikitoka kazini naoga, nguo nazichemsha, sinawi kwenye beseni lenu na taulo lenu sijaligusa. Siwaahidi kwamba sitaugua. Hakuna anayeweza kuahidi hilo. Lakini kama ugonjwa ukiingia humu leo kwa mtu mmoja, kesho uko kwa ishirini na saba. Mimi simo katika hao. Mwenyekiti, najua nyumbani kwako kuna mgonjwa wa sukari. Ndiyo maana nakwambia wewe kwanza."

Mwenyekiti alikunja uso, kama mtu aliyeshikwa mahali panapouma.

"Usimtaje mke wangu. Taulo linaonekana. Taulo ni jeupe. Wewe unachotuletea hakionekani!"

"Hapo umesema kweli," Mama Shuka alijibu. "Hakionekani. Popote kilipo."

Minong'ono ilizunguka viti. Halafu Dereva, ambaye ile chafya ilikuwa inamwasha, alisimama.

"Jamani, tusizungushane. Barua ilisema saa nne. Sasa ni na robo. Ama aache kazi ama ahame. Kuacha hajaacha. Basi ahame."

"Ahame!" sauti mbili tatu ziliitikia. Nyingine zilikaa kimya, na ukimya siku kama hizo huhesabiwa kura ya ndiyo.

Mama Shuka aliwaangalia mmoja mmoja. Hawa aliwajua. Huyu alimkopesha jiko alipohamia, yule alimbebea mumewe siku ya mazishi. Kisha alijisogeza pembeni, akaufungua mlango hadi ukagonga ukuta.

"Mimi sihami," alisema. "Sina miguu ya kunihamisha. Kama nyinyi mnanihamisha, karibuni. Ingieni mbebe. Godoro langu ni lile pale. Anzeni nalo. Nguo zangu za kazi zimo kwenye mfuko huo, shikeni tu hapo mdomoni."

Hakuna kiti kilichosogea.

"Dereva, wewe una mabega. Njoo."

Dereva alitazama mfuko. Akakaa.

"Msinisahau mimi!" bibi aliita kutoka kitandani, sauti yake imepata uhai wa miaka arobaini. "Anzeni na mimi! Miguu ndiyo mizito, mmoja ashike huku, mwingine huku. Nitawakoholea njiani msichoke!"

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza. Mwenyekiti alikuwa ameshika simu. Alimpigia mwenye nyumba, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, akaiweka sauti juu ili kikao kisikie.

"Mpangaji amegoma," aliripoti.

"Si mumtoe?" sauti ilikwaruza simuni.

"Hakuna anayeweza kugusa vyombo vyake. Tunaomba uje mwenyewe."

"Mimi? Nije huko? Kwenye chumba cha mtu wa hospitali?" Sauti ilipanda. "Sikilizeni. Hayo yamalizeni wenyewe kwa wenyewe. Mimi niko kwenye karantini."

Simu ilikatika. Mwenyekiti aliendelea kuishikilia sikioni, kana kwamba laini ingemwonea huruma.

Hapo ndipo Mama Shuka alipotembea kuelekea getini. Viti vilivyokuwa njiani vilisukumwa nyuma, miguu ya plastiki ikikwaruza saruji. Alifika kwenye benchi. Alilishika taulo kwa mikono yote miwili, la Mwenyekiti, lenye lebo yake bado, na akajifuta. Hakufanya haraka. Alijifuta viganja, migongo ya mikono, kidole kimoja baada ya kingine, hadi viwikoni, pindo la juu, la kati na la chini, mpaka hapakubaki upana wa kiganja ambao haukupitiwa na mkono wa dobi wa hospitali. Kisha akalinyoosha pembe kwa pembe, kama alivyomwona Mwenyekiti akifanya.

Fundi alimvuta mwanawe begani.

Mama Shuka aligeuka, akaenda bombani, akafungua maji, akachukua kipande chake cha sabuni kutoka mfukoni, akaanza kusugua kwa bidii ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo. Alihesabu ishirini. Akarudia ishirini nyingine.

"Sasa mbona ananawa tena?" Dereva aliuliza, sauti imemtoka bila ruhusa.

"Kwa sababu nimeshika taulo lenu," alisema Mama Shuka.

Ilichukua pumzi moja. Kisha Fundi alipasuka. Alicheka kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango dhidi ya upepo kwa wiki nzima, na sasa ameuachia. Aliinama, akashika magoti, akamshika mwanawe asianguke. Wengine hawakucheka, lakini walilitazama taulo, na safari hii walilitazama kama Mama Shuka alivyolitazama Jumatatu: limetoka wapi, limeguswa na nani. Kweli, dakika ile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amejitia hatarini, naye alikuwa yule mwenye povu hadi viwikoni.

"Litoe hilo taulo," Mwenyekiti alisema.

"Mimi? Kwa barua yako, tangu saa nne mimi si mpangaji hapa. Alitoe mpangaji."

Mwenyekiti aliwatazama wapangaji. Wapangaji walitazama mawingu.

"Sasa tutajifutia nini?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Upepo ni bure," alisema Mama Shuka. "Na asiyeuamini upepo aje na kitambaa chake, akitoka arudi nacho kwake."

Mwenyekiti alikohoa kidogo, akanyoosha kola, akatafuta neno katika maneno yote aliyojifunza posta. "Kikao," alisema, "kimeahirishwa." Hakutaja tarehe.

Siku zilizofuata hakuna aliyelikaribia benchi. Beseni lilikaa na maji yale yale mpaka nzi wakalizira. Watu waliokuwa wakiingia walitembea kwa kujibana upande wa pili wa geti, mbali na msumari, na kwa kuwa tangazo lilikuwa bado linasema hakuna udhuru, walikwenda bombani. Walifungua maji, wakasugua, wakakung'uta. Usiku wa Jumapili Fundi alishona vitambaa viwili kutoka kwenye mabaki, kimoja chake na kimoja cha mwanawe, akavitundika ndani kwake kila kimoja na kijiti chake. Jumatatu alipitisha kingine cha tatu dirishani bila kusema kitu. Kilikuwa na pindo jekundu. Mama Shuka alimpa mama mkwe.

"Bendera ya nchi yangu," bibi alisema, akakitundika kwenye antena ya redio.

Jumatano Mama Shuka alitoka mapema kwenda kazini. Dobi mmoja alikuwa amerudi, yule aliyekatazwa na mumewe. Alisema amemwachia mumewe barua mezani. Getini taulo lilikuwa limekauka kwa mara ya kwanza. Limekakamaa kama samaki wa chumvi, na lebo imekunjika. Bombani alisimama Mwenyekiti peke yake. Mikono yake ilikuwa imelowa, ameiinua mbele ya kifua kama daktari wa upasuaji, akisubiri upepo. Miguuni pake palikuwa na kikombe cha mkewe, safi, kimefunikwa kisahani.

Mama Shuka alisimama hatua mbili kutoka kwake, akapima kwa macho.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Yule mzee alitazama mikono yake, halafu geti, halafu mahali pengine.

"Marahaba," alisema. Maji yalimdondoka kwenye viwiko. "Mama hajambo humo ndani?"

"Hajambo. Kikohozi ni kile kile cha siku zote. Na huko kwako?"

"Joto lake liko sawa. Asubuhi na jioni." Alielekeza kidevu getini. "Hilo taulo, sasa. Utalitoa lini?"

Mama Shuka alilitazama taulo, akalitazama bomba, akaitazama mikono ile miwili iliyoinuliwa hewani, safi, inakauka yenyewe.

"Liache hapo hapo," alisema. "Bado linafanya kazi."

Akajipitisha upande wa pili wa geti, mbali na msumari, akaenda kufua.